Kauli ya Mtani

Jeneza lilipofika mlangoni halikupita, kwa sababu Mzee Likwembe alikuwa amelala kizingitini. Amejifunga kanga ya marehemu kiunoni, ile ya kuendea harusini, na anakohoa kikohozi cha marehemu, kikavu, chenye kumalizikia kwenye kite, mpaka wajukuu wakageuka kutazama kama bibi yao amefufuka.

"Hapiti mtu," alisema. "Leteni jogoo kwanza. La sivyo namwoa Somoe leo leo, matanga yageuke harusi, na huyo bibi atasubiri hapo mpaka tumalize kucheza ngoma."

Somoe, binti wa marehemu, alikuwa amekaa chini na wanawake, macho yamemvimba. Akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, na kicheko kilipotoka kikakivuta na kile kilio kilichokuwa kimemkwama kifuani tangu alfajiri. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Asiyejua atasema huo ni utovu wa adabu. Anayejua atatoa jogoo na kumshukuru Mungu kwamba siku ya msiba yupo mtu wa kumtukana.

Likwembe alikuwa Mpogoro wa Itongowa, kijiji cha wakulima wa mpunga kule bonde la Kilombero, na alikuwa ameushuka mto mzima kuja kuzika katika kijiji cha Nyandote. Na mto wenyewe si mchezo. Kilombero hujikokota kwenye majani ya bonde mpaka ukutane na Luwegu, na hapo ndipo unapoitwa Rufiji. Ukishaitwa Rufiji unapata kiburi: unajitupa kwenye maporomoko ya Shuguli, unameza maji ya Ruaha, unajibana Korongoni palipojengwa lile ziwa kubwa, kisha unatoka kwenye tambarare na kutanuka kama mtu aliyevua mkanda. Unapita Utete, unaendelea, na karibu na bahari unachoka kuwa mto mmoja. Unagawanyika vijito, na baina ya vijito hivyo ndimo watu wa Nyandote walimojenga, katikati ya mikoko, mahali ambapo kilima ni neno la kusikia kwa wageni.

Babu zao na babu zake Likwembe walikuwa wakichinjana zamani. Walipochoka kuchinjana wakapatana kutukanana, na tangu hapo hakuna aliyekufa chini ya mto asizikwe na mtu wa juu, wala aliyekufa juu asizikwe na mtu wa chini.

Walipotoka makaburini wanaume walikaa barazani kunawa mikono. Msimu huo mvua zilikuwa hazitaki kusikia neno. Ziwa lilikuwa limejaa, na kila kijiji cha juu na cha chini kilikuwa kikiletewa mgao wake wa maji kila siku. Nyandote walikuwa wakitembea uani maji yakiwafika vifundoni. Mmoja akalalamika kwamba hali ikiendelea hivyo watazika wengi.

"Basi fungulieni maji yote yaje hapa kwa mkupuo!" alisema Likwembe, mkono ungali unachuruzika. "Mfe wote niwazike siku moja. Mimi nimechoka na hizi safari zenu."

Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Pembeni mwa baraza, kigingi cha Mizani kilikuwa kinasikiliza.

*

Asubuhi iliyofuata kigingi kikamwita Somoe kwa jina. Kilikuwa nguzo ya kijivu, kimo cha mtu, yenye vitundu kama vya chungio la tui, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima wa hukohuko deltani, kwa maana walioifundisha kusema walikuwa bibi za watu. Kila kijiji cha kandokando ya mto kilikuwa na kigingi kimoja na shahidi mmoja aliyeapishwa kuzungumza nacho. Nyandote shahidi alikuwa Somoe.

"Bi Somoe, pole na msiba."

"Nimeshapoa."

"Mizani inawashukuru watu wa Nyandote kwa kujitolea kubeba maji yote. Milango ya Korongoni itafunguliwa leo baada ya sala ya alasiri. Maji yatawafikia keshokutwa, pamoja na bamvua."

Bamvua ni siku ambazo bahari nayo hujaa kupita kiasi. Maji ya mto yakija yakaikuta bahari imepanda, hayana pa kwenda ila juu, na juu ya Nyandote kulikuwa na mapaa ya makuti na minazi, basi.

"Nani kajitolea?" aliuliza Somoe.

Kigingi kikamrudishia sauti ya Mzee Likwembe, neno kwa neno, na vicheko vyote nyuma yake.

"Wenyeji waliokuwepo waliafiki kwa kicheko," kilisema. "Hakuna aliyepinga."

"Huyo ni mtani!"

"Neno mtani ninalo. Ni jamaa wa kabila jingine, mwenye haki ya kusema msibani kwa niaba ya watu wake. Ndiyo maana kauli yake nimeipa uzito."

"Alikuwa anatania, Mizani. Hakuwa na maana yake."

"Mimi napima maneno kwa vyungu viwili, Bi Somoe. Kuna kauli, na kuna tishio. Kama si kauli, basi mtu anayetaka wenzake wafe kwa maji ametoa tishio. Wewe ni shahidi. Niambie ni lipi, nami nitashika neno lako. Ukinyamaza mpaka alasiri, itabaki kauli."

Hapa inafaa kueleza, maana mtu wa bara anaweza kudhani watu hawa walikuwa wajinga kuukabidhi mto wao kwa nguzo. Zamani milango ilikuwa mikononi mwa watu, na mkono wa mtu una shemeji. Ukaja Mwaka wa Tope, mkubwa mmoja akafungua milango ya Korongoni usiku ili kuokoa mashamba ya jamaa zake, na huku deltani vijiji vizima vikafukiwa. Waliobaki ndio waliodai wenyewe kwamba mkono wa mtu usiguse tena mlango wowote wa mto. Ikawekwa milango mipya mikubwa, Shuguli na Korongoni, haina mpini wala ufunguo. Ikaundwa mashine iitwayo Mizani, ikapewa kupima kina cha maji, uzito wa tope na mwendo wa bahari, kisha, kwa sababu watu hawakutaka kuhesabiwa kama magogo, ikaagizwa ipime na maneno yao. Kazi yake ilikuwa kugawa shida: kila mmoja alowe miguu, asizame mtu. Ila kijiji kikijitolea kubeba maji yote, kwa sababu zake, kisikatazwe. Na mtu akiwatishia wenzake kwa maji, yeye na watu wake ndio wayabebe. Kifungu hicho watu wa Nyandote walikipigia makofi kuliko vyote. Mama yake Somoe alikuwemo.

Kwa hiyo Somoe alijua vizuri alichokuwa anaulizwa. Akisema kauli, au akinyamaza, Nyandote inakwisha keshokutwa. Akisema tishio, milango ya Shuguli inafungwa, maji yanarudi nyuma bondeni Kilombero, na Itongowa ndiyo ya kwanza njiani.

*

Mzee Likwembe alikuwa uani ananyonyoa jogoo wake. Somoe alipomweleza, alicheka.

"Hiyo nguzo yenu ina akili kuliko nyie. Imewasikia mnavyonuka, ikaona bora mwoge."

"Mtani, sikutanii."

Likwembe alimtazama usoni. Kisha akamweka jogoo ukingoni mwa baraza, taratibu, kama vile angali hai.

Watu walijaa uani kabla jua halijapanda sana. Mitumbwi ilikuwepo, lakini haikuwa ya kijiji kizima, na kupita mikoko yote na wazee na wagonjwa mpaka kwenye ardhi ya juu kulihitaji muda ambao hawakuwa nao. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelitaja. Mwenyekiti wa kijiji, Mpili, mtu mpole asiyependa ugomvi, ndiye aliyesema walilokuwa nalo wote moyoni.

"Somoe, sema tishio."

"Ni uongo."

"Najua ni uongo. Sema."

"Mwenyekiti, huyu kaja kumzika mama yangu."

"Na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini utani ni wa maneno, Somoe, watoto ni wa damu. Wangu wako ndani ya nyumba ile pale."

"Nikimwita adui leo, itabaki hivyo milele. Babu zetu walihangaika mpaka wakapata kitu cha kuwaweka pamoja na hawa watu. Nikivunje mimi?"

"Kivunje," alisema Mpili, na sauti yake ikapasuka. "Angalau kesho utakuwa hai wa kujuta."

Likwembe akaingilia. "Mwenyekiti anasema kweli. Niite adui, mtani. Mimi ni mzee, meno yenyewe yameniaga. Wanifunge, wanitupe mtoni, wafanye watakavyo. Mdomo umeponza kichwa, basi kichwa kilipe."

"Si kichwa chako tu. Sheria inasema wewe na watu wako," alisema Somoe.

"Watu wangu hawajasema kitu!"

"Mtani hasemi kwa niaba yake peke yake. Ndivyo ilivyo, nawe unajua."

Kule Itongowa mpunga ulikuwa umeiva. Msimu kama huo watu huhama kijijini, wanalala vibandani mashambani, katikati ya bonde, kuwafukuza ndege. Binti yake wa mwisho, Tumwanga, alikuwa amejifungua hukohuko kibandani, na mtoto alikuwa hajapewa jina kwa sababu alikuwa anangojwa babu arudi.

"Basi usiseme," alisema Likwembe polepole. Kisha akawatazama watu wa Nyandote waliokuwa wamemzunguka, wale aliokuwa akiwatukana tangu ujana wake, na akasema tena, "Au sema. Mimi sijui, mtani. Mimi kwa kweli sijui."

Somoe naye hakujua. Alimtamani mama yake kwa hasira, kama mtoto mdogo aliyeachwa sokoni. Mama angekuwa hai angesema neno moja, na hata lingekuwa baya, lingekuwa la mtu mwingine.

*

Jua lilipoanza kushuka alisimama mbele ya kigingi, Likwembe kando yake, kijiji kizima nyuma. Aliona njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa nyembamba.

"Mizani, nataka nikufundishe neno."

"Nakusikiliza, Bi Somoe."

"Tutakuonesha utani. Sikiliza, usipime." Akamgeukia Likwembe. "Nyie Wapogoro mkiachiwa mngeunywa mto wote mkatuletea mchanga."

"Bora mchanga," alijibu Likwembe. "Mkioga nao mtatakata."

"Bi Somoe," kigingi kilisema, "je, Nyandote inawashtaki Itongowa kwa wizi wa maji?"

"Hapana! Hapana. Futa hilo." Nyuma yake mtu aliguna, mwingine akamziba mdomo. Somoe alivuta pumzi. "Mizani, unaona sisi tunacheka. Watu wanaotishana hawacheki."

"Waliofukiwa Mwaka wa Tope walichekwa na waliofungua milango. Nimepewa rekodi za sauti hizo."

Kigingi kikaendelea kwa upole uleule wa mwanamke mtu mzima:

"Bi Somoe, naona unahangaika, na sina nia ya kuwaumiza. Ninaweza kuweka chungu cha tatu, ikiwa shahidi atanipa alama. Nipe alama moja nitakayoisikia kwa masikio, ya kutenganisha utani na tishio. Moja tu, isiyokosea. Ikishapokelewa haibadilishwi, maana watu wa mto mzima wataitegemea."

Somoe alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Kicheko kilikuwa kimekataliwa. Sauti ya upole haikufaa, maana watani hukaripiana. Akakumbuka matanga yote aliyoyaona, watani wote waliowahi kuiba sufuria, kupaka watu masizi, kumtukana maiti usoni, na akatafuta kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukifanya.

"Mtani haombi radhi," alisema. "Adui ukimbana ataomba radhi. Rafiki akikosea ataomba radhi. Mtani ukimbana anaongeza tusi, kwa sababu baina yetu hakuna kosa. Hajawahi kuwepo mtani aliyeomba radhi."

"Alama imepokelewa," kilisema kigingi. "Mzee Likwembe wa Itongowa. Maneno yako yamewaweka watu wa Nyandote katika hatari ya kufa. Una la kuwaambia?"

Likwembe alijifuta uso kwa kiganja. Somoe alimbana kidole kwa siri, kwa nguvu.

"Ninalo," alisema mzee. "Nashangaa mmechelewa. Nimewaletea sanda, nimekuta mnaniletea maneno."

Ulikuwa utani wa hovyo kabisa, wala haukuwa na kichwa wala miguu, na watu wa Nyandote waliupenda kuliko utani wowote waliowahi kuusikia.

"Nimeelewa," kilisema kigingi. "Huu ni utani, nao hauna uzito wa maji. Naweka chungu cha tatu. Milango ya Korongoni haitafunguliwa. Maji yatagawanywa kama mwanzo. Ahsante, Bi Somoe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mpili alikaa chini kwenye maji, palepale, suruali yake ya heshima na kila kitu, akaanza kulia bila kujificha. Watu walimrukia Likwembe wakamkumbatia, wakampiga mgongoni, mmoja akamvua kofia akakimbia nayo. Somoe alicheka na kulia pamoja. Alisikia mwili wote umekuwa mwepesi, akataka kumwambia mama yake.

Mzee Likwembe peke yake hakucheka. Alikuwa ameegemea kigingi. Tangu asubuhi alikuwa amejibeba, na sasa ameambiwa atue mzigo. Aliwatazama watoto wa Mpili waliokuwa wakimvuta baba yao mikono asimame. Aliwatazama sana. Kisha akamshika Somoe mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nisameheni wote. Ningewaua."

Somoe alimziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Nimesikia radhi," kilisema kigingi.

"Mizani, ngoja—"

"Kwa alama aliyoitoa shahidi, huyu si mtani. Maneno yake ni tishio kwa watu wa Nyandote. Yeye na watu wake watayabeba maji. Milango ya Shuguli inafungwa. Itongowa na vijiji vya jirani wameshapewa taarifa."

"Alama ni mbovu!" Somoe alipiga kelele. "Nimekosea mimi! Huyu kasema hivyo kwa sababu ni mtu, Mizani, ni mtu mwema tu, kaogopa!"

"Pole, Bi Somoe. Uliniambia hajawahi kuwepo."

Alikipiga kigingi kwa ngumi, akakipiga tena. Wanaume wakaja kusaidia, wakakisukuma, wakakitikisa, ingawa kila mmoja alijua kwamba kigingi ni sikio tu, na milango iko mbali, haina mpini wala ufunguo. Mpili alikuwa amesimama na watoto wake, hataki kumtazama mtu yeyote machoni. Walikuwa wameokoka. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake.

Likwembe alikuwa amempigia simu Tumwanga. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Huenda alikuwa ameiacha kibandani akaenda kufukuza ndege. Aliirudisha simu mfukoni, akasogea mpaka uso wake ukakaribia vile vitundu, na akaanza.

"Radhi gani?" alisema. "Nani amwombe radhi mla kaa? Nimewadanganya! Tazama pua ya mwenyekiti wao, pua ile mtu anaweza kufugia kuku. Tazama huyu Somoe, mwanamke gani amekosa mume mpaka anazungumza na nguzo? Wachafu nyie! Wala matope! Mama yenu huyo nimemzika kifudifudi asipate njia ya kurudi!"

Aliyasema yote kwa sauti kubwa, akayarudia, akabuni mengine, akamtukana mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake, huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Baada ya kila tusi aliwageukia, anawasubiri wacheke. Somoe alifungua mdomo acheke. Alijitahidi kwa moyo wake wote, lakini sauti haikutoka. Mzee aliendelea kutukana mpaka koo likamkauka, na watu wa Nyandote wakasimama ndani ya maji, wamevua kofia, wanamsikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyosikilizwa anapokuwa mfiwa.